Fundi Leo na Pazia la Mahameli

Mafundi cherehani karibu wote wana dini moja, na dini hiyo inaitwa kesho. Unapeleka kitambaa, unaambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa ukifika unakikuta kimekunjwa vilevile ulivyokileta, na fundi anakutazama kwa huruma, utadhani wewe ndiye uliyefiwa. Mara umeme ulikatika, mara sindano imevunjika, mara shangazi yake kaugua. Shangazi wa mafundi ni watu wagonjwa sana.

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi mmoja mwanamke ambaye hakuwa wa dini hiyo. Akikwambia Jumanne, Jumanne unaikuta nguo yako imepigwa pasi na kuning'inizwa, na vifungo vya akiba vimeshonewa kwa ndani usije ukavipoteza. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Leo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti, likakaa huko bila kusumbuliwa na mtu.

Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye shingo ya mtu anayesikiliza jambo la mbali. Kiwanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake. Humo mlikuwa na meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, rafu ya vitambaa iliyokwenda mpaka darini, na cherehani ya miguu iliyokaa karibu na mlango ili ipate mwanga wa barabarani. Mchana jua liliingia na kulala sakafuni, vumbi la pamba likaelea ndani yake taratibu, na Fundi Leo akaanza kukanyaga. Akishakanyaga, roho yake ilitoka ikaenda zake. Mikono ilibaki ikishona, macho yalibaki wazi, lakini mwenyewe hukumkuta. Midomo yake ilichezacheza. Wateja walidhani anahesabu mishono, wakakaa kimya wasije wakamchanganya.

Hakuwa anahesabu chochote. Alikuwa anasoma kisomo.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Baba yake alikuwa Msomaji wa jumba la sala la mtaa ule. Desturi ya jumba hilo ni kwamba kisomo husomwa kwa moyo. Kitabu hakishikwi mkononi, kinakaa kifuani mwa mtu, naye humpa mwanawe kabla hajafa. Basi mzee yule alimfundisha mwanawe wa kiume kila alasiri katika chumba hichohicho. Binti mdogo aliwekwa kwenye cherehani ashone foronya, maana mikono ya mtoto wa kike isipofanya kazi, walisema, hutafuta balaa. Mashine ilipopiga kelele baba aligeuka na kusema, "Simamisha hiyo, kaka yako asikie." Binti akasimamisha. Kaka akasikia. Na yeye, ambaye hakuambiwa azibe masikio, akasikia pia. Kaka alichapwa fimbo ndipo akashika. Yeye hakuchapwa, akashika.

Alipojaribu siku moja kukisoma kwa sauti, akiwa bado na meno ya utotoni, baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia sauti ya mwanamke si ya jumbani. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto kwamba moto unaunguza, na mtoto akaliweka neno hilo mahali pamoja na moto.

Baba akafa, kaka akawa Msomaji. Fundi Leo akaolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, akaendelea kushona. Alishona mashuka ya maharusi, sare za shule, na pazia la jumba la sala.

Pazia hilo ndilo lililowatenga wanawake na wanaume. Wanaume walikaa mbele, penye madirisha makubwa. Wanawake walikaa nyuma, pasipo na dirisha hata moja, na katikati likaning'inia pazia jepesi la pamba, rangi ya maziwa. Kwa kuwa nyuma kulikuwa na giza na mbele kulikuwa na mwanga, wanawake waliwaona wanaume vizuri tu, kama mtu anavyoona kilichomo ndani ya maji yaliyotulia. Wanaume wao waliona kitambaa. Wakaridhika, wakajua wamewaficha wanawake.

Na nyuma ya kitambaa kulikuwa na nchi nzima. Watoto walinyonyeshwa, posa zilipangwa, na ugomvi wa majirani ulisuluhishwa kwa kunong'ona na kukonyezana. Mama mmoja mzee, aliyeitwa Bibi Usingizi hata na wajukuu zake, alilala tangu sala ya kufungua mpaka ya kufunga, na aliamka akiwa mcha Mungu kuliko wote. Pembeni kabisa, karibu na ukuta, alisimama Fundi Leo. Kaka yake akianza kusoma upande wa pili, naye alianza. Midomo ilitembea bila sauti. Kaka alipoinua mikono, aliinua. Alipoinamisha kichwa, aliinamisha. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, watu wawili na kisomo kimoja, na mmoja wao hakujua kwamba wako wawili. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake duniani. Sijui kama alikuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo.

Sasa, wema wa wanaume wakati mwingine huja kama nguo ya dukani, haukupimwa mwilini. Kamati ya wazee ilikaa, ikaona kwamba akina mama wanakaa gizani, ikaona haya, ikaweka taa upande wao. Taa nzuri, nyeupe, ndefu. Hakuna aliyewauliza akina mama, maana zawadi haiulizwi. Siku ya sala taa zikawashwa, na lile pazia la rangi ya maziwa likageuka.

Wanaume waliokuwa wamekaa mbele waliinua macho na kuona vivuli. Waliona kichwa cha Bibi Usingizi kikianguka na kuinuka. Waliona mama akimweka mtoto kifuani, wakatazama chini haraka, wengine si haraka sana. Na pembeni waliona kivuli kirefu cha mwanamke kimesimama, mikono imefunguka, uso umeinuliwa, kikifanya kila alichokuwa akikifanya Msomaji, hatua kwa hatua. Kijana mmoja akacheka puani. Mwingine akakohoa ili kuficha kicheko. Msomaji akafuata macho yao, akaona. Neno likamponyoka, akalikamata, akamaliza kwa sauti ya mtu aliyekabwa.

Fundi Leo alijua palepale. Alikishusha kivuli chake, akakaa, na uso wake ukawaka moto mpaka masikioni.

Siku iliyofuata kaka yake alikuja dukani pamoja na Mwenyekiti wa kamati, mzee mnene, mpole, aliyependa kusema "kwa faida ya wote." Walibeba robota la mahameli ya kijani kibichi, nzito, ya kuziba hata mlio wa radi.

"Mama, tunaomba pazia jipya," akasema Mwenyekiti. "Kwa faida ya wote. Liwe la kutandaa ukuta hadi ukuta, na lishuke mpaka sakafuni."

"Taa zingeweza kuzimwa," akasema Fundi Leo.

Mwenyekiti akacheka kwa upole. "Taa tumeshaziweka, mama. Mtu hazimi maendeleo."

Kaka yake alikuwa akitazama cherehani.

"Lini?" akauliza Mwenyekiti.

"Kabla ya sala ijayo," akasema yeye. Hakujua jibu lingine la swali hilo.

Walipotoka, mlango wa ndani ukafunguka akatokea binti yake. Huyu watu walimwita Profesa tangu utotoni, kwa sababu ya maswali. Kisha akaenda chuo kikuu, akasoma, akafundisha, na utani ukawa kazi. Alikuwa amekuja nyumbani kufanya utafiti juu ya dini na jinsia, namna watu wanavyokaa katika nyumba za ibada na nani anaruhusiwa kusema nini. Mama yake alikuwa akiwaeleza wateja kwamba mwanangu anasomea viti.

"Utalishona?" akauliza Profesa.

"Nimeletewa kazi."

"Mama, ukilitundika hilo hutamwona tena Mjomba akisoma. Hutaona kitu. Mtakuwa mmefungiwa kabatini."

"Nimeliona hilo kabla yako."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

Profesa akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya mama yake kama zamani. "Nani alisema?"

"Nani alisema nini?"

"Kwamba sauti ya mwanamke si ya jumbani. Nimekisoma kitabu chote, mama, mara nyingi, kwa kazi yangu. Sijaliona neno hilo. Sisemi halipo katika vichwa vya watu. Nasema kuna mtu alianza kulisema. Alikuwa na sababu zake, labda sababu ya siku moja, kisha akafa, na neno likabaki likitembea peke yake. Watu wakadhani limeshuka kutoka juu."

Fundi Leo alikuwa fundi, na alijua kwamba kila mshono una mkono. Hakuna nguo inayozaliwa imeshonwa. Lakini alikuwa hajawahi kulitazama neno lile la baba kama nguo. Alikanyaga cherehani mchana kutwa, na kila alipotaka kuondoka na kisomo, swali la bintiye lilimvuta sketi likamrudisha chini.

Akaenda jumbani, akalishusha pazia la zamani ili alitumie kupimia. Akalifua kwanza, maana hakupenda kukunja kitu kichafu. Alipolianika uani na kuvuta pindo, likampasukia mkononi, likafuata mikunjo yake yote ya zamani, likabaki matambara. Lilikuwa limechoka kwa miaka mingi, na kumbe jua la upande mmoja ndilo lililokuwa limelila. Akasimama uani ameshika tambara rangi ya maziwa, akalia kidogo, kisha akaenda kukata mahameli.

Alilimaliza pazia jipya kwa wakati. Mikono yake haikujua kufanya vingine. Akalipiga pasi kwa upande wa nyuma, akalikunja, akalifunga ndani ya shuka kuukuu na kuliweka rafu ya juu. Akakaa kusubiri. Mwenyekiti akaja mwenyewe, akasimama mlangoni anafuta jasho.

"Limekuwa tayari, mama?"

Fundi Leo akafungua mdomo aseme ndiyo. Na huku akijisikiliza kama anayemsikiliza jirani, akasema, "Uzi wa rangi hii umekwisha, mzee. Njoo wiki ijayo."

Mwenyekiti akaduwaa. Ni kama ameambiwa jua limeomba ruhusa. Akasema haya, hakuna neno, akaenda zake. Fundi Leo aliogopa kweli. Kisha, taratibu, chini ya ile hofu, akaonja utamu wa mtoto aliyelamba sukari ya wageni.

Kwa hiyo siku ya sala ilifika na hapakuwa na pazia, la zamani wala jipya.

Profesa alikwenda na mama yake, moyo unamdunda kwa furaha. Alitegemea kuona wanawake wameinua vichwa. Alichokiona ni wanawake walioinamisha vichwa mpaka videvu vikagusa vifua, wasijue pa kuweka macho. Watoto walilia kwa njaa, hakuna mama aliyefungua kifungo. Posa hazikupangwa. Bibi Usingizi alikaa wima kama kigingi, macho mekundu, akiteseka mbele ya umma. Wanaume nao walisali wameangalia mbele kwa nguvu hata shingo zikawauma.

Na Fundi Leo? Alikalia mikono yake. Kaka yake aliposoma, midomo yake ilibana. Alimwona waziwazi akisoma kwa mara ya kwanza tangu utoto, mvi zake, kola iliyochakaa ambayo angeweza kuigeuza kwa dakika chache kama angeletewa. Alimwona, lakini hakuweza kusoma naye. Pembe yake ya ukutani ilikuwa imekuwa jukwaa. Akatambua kwamba kwa uongo wake amejinyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Nje, akina mama walimzingira.

"Umetuvua nguo, Fundi," akasema mmoja.

"Na wewe msomi," Bibi Usingizi akamgeukia Profesa, "naona umefurahi. Umewahi kunyonyesha mbele ya kamati?"

"Sijawahi, bibi," akasema Profesa. "Lakini mbona wanaofichwa ni ninyi? Wao hawana shingo za kugeuza?"

Bibi Usingizi akafikiri. "Hilo nalo neno," akasema mwishowe. "Ila usingizi wangu bado nautaka."

Wakacheka, lakini hawakumaliza hasira. Siku zile Profesa alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasikiliza, na jioni alirudi amechoka, anasema kidogo. Alimwambia mama yake kwamba alikuja na swali moja na sasa ana mengi, na kwamba alikuwa amesahau kuwauliza kile wanachokipenda.

Wiki zikapita kama nyuzi zinavyopita kwenye jicho la sindano. Kila wiki Mwenyekiti alikuja, na kila wiki Fundi Leo alizidi kuwa fundi wa kawaida. Sindano imevunjika. Mkanda wa mashine umelegea. Kidole kimevimba. Shangazi, ambaye alikuwa marehemu siku nyingi, aliugua mara mbili. Jumbani watu walianza kuzoea. Mama mmoja alijifunika kanga na kumnyonyesha mwanawe, na dunia haikuanguka. Bibi Usingizi alipata nguzo, akalala nyuma yake. Vijana waliokuwa wakicheka walichoka kucheka. Lakini mtaani jina likageuka. Watoto wakaanza kumwita Fundi Kesho. Bibi harusi mmoja alichukua kitambaa chake akampelekea mtu mwingine, akisema samahani, mama, naogopa. Hilo lilimuuma Fundi Leo kuliko kidole chochote kilichovimba. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu walikisifu, na alikuwa akikifumua kwa mkono wake.

"Basi sema wazi," Profesa akamwambia alasiri moja, amekasirika. "Sema sitaki. Unajificha nyuma ya uongo kama ulivyokuwa ukijificha nyuma ya pazia."

"Ni rahisi wewe kusema sitaki. Kwako ni kamati. Kwangu ni kaka yangu."

"Lakini unataka nini, mama?"

Cherehani ikasimama. Mwanga wa barabarani ulikuwa umelala mezani, njano, na vumbi la pamba lilielea ndani yake kama kawaida. Aliulizwa maswali mengi maishani mwake: lini, ngapi, mikono mirefu au mifupi. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akalitazama likielea pamoja na vumbi.

"Nataka nikisome," akasema. "Mara moja. Kwa sauti. Watu wasikie." Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, na binti yake akakichukua kile kiganja akakiweka shavuni mwake, wasiseme zaidi.

Kaka alikuja peke yake siku mbili kabla ya sala. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakataa chai. Alikuwa amekonda. Tangu alipofariki mzee mmoja mshona viatu aliyekuwa mkumbushaji wake, mtu wa kukaa kwenye kiti kando yake na kumpa neno likimpotea, Msomaji alitembea akijisemea midomoni, kama mtu anayebeba maji kwa mikono. Katika wanaume wote wa jumba hapakuwa na aliyejifunza kisomo kizima ili akakalie kile kiti kitupu. Wote walikipenda. Kujifunza ndiyo ilikuwa shughuli.

Macho yake yakapanda rafuni. Shuka lilikuwa limefunguka kidogo, na pindo la kijani lilichungulia. Akainuka, akaligusa.

"Limekwisha," akasema.

"Limekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyosema."

Alikaa tena. "Umenidanganya mimi, mdogo wangu?"

"Nimekudanganya, kaka."

Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni, na walisubiri mpaka kelele zikaisha. "Lilete siku ya sala," akasema kaka. "Watakuwa na ngazi. Litatundikwa baada ya kisomo." Mlangoni alisimama kidogo, amempa mgongo, kama aliyetaka kuuliza jambo. Kisha akaondoka.

Siku ya sala Fundi Leo alilibeba pazia kifuani, zito kama mtoto aliyelala. Profesa alitembea kando yake, hakuomba kumsaidia. Alimwelewa mama yake siku ile kuliko siku zote, na hakuwa na la kumshauri. Wakakaa. Ngazi ilikuwa imeegemezwa nje ya mlango.

Kaka akaanza. Alisoma vizuri, sauti ikapanda na kutanda, jua likaingia madirishani na kufika, kwa kuwa hapakuwa na cha kulizuia, mpaka miguuni pa wanawake. Fundi Leo alilitazama jua hilo. Akaanza kuelea. Alisahau kukalia mikono yake. Kisomo kilifika mahali ambapo mto unashuka kutoka milimani, nao wakashuka nao, yeye kimya na kaka kwa sauti, mpaka sauti ikakatika.

Alidhani ni yeye aliyekosea. Akainua macho. Kaka yake alikuwa amesimama mikono juu, mdomo wazi, hana kitu. Mbele yake, wanaume walingoja. Ukimya ukakua. Mtu akakohoa. Mwenyekiti akatazama kile kiti kitupu, kisha akatazama viatu vyake. Wote walikuwa wamekisikia kisomo hicho maisha yao yote, na hakuna aliyejua kinachofuata baada ya mto.

Kaka aligeuza kichwa taratibu, akavuka vichwa vyote kwa macho, akamtafuta. Alimpata. Na Fundi Leo akamwona mtoto wa kiume mezani kwa baba, mabega yameinuka, anangoja fimbo.

Akaliweka pazia sakafuni, akasimama.

"Na maji yakapita kati ya mawe," akasema, "na mawe hayakuyazuia."

Sauti ilitoka na kutu, kama mlango uliofungwa miaka. Vichwa vikageuka. Kaka akalichukua neno. "Na maji yakapita kati ya mawe," akasema, akaendelea kidogo, akakwama tena. Safari hii hakungoja apewe. Alishusha mikono, akakikalia kile kiti kitupu cha mkumbushaji, akasema kwa sauti ndogo ambayo jumba zima lilisikia, "Endelea, mdogo wangu."

Akaendelea. Mwanzoni aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine, kisha akaizoea, kisha hakuisikia tena. Mikono ilipanda mahali pa kupanda. Alipita mtoni na bondeni, akapita mahali palipomtisha utotoni na mahali palipomliza alipofiwa na mume, kila kitu kilikuwepo, kila kitu mahali pake, kama nyumba ambayo amekuwa akiifagia gizani na sasa mtu amefungua madirisha. Watu walikuwa hawatikisiki. Alipofika mwisho hapakuwa na aliyeitikia. Kusikiliza kulikuwa kumewasahaulisha zamu yao.

Aliyeitikia wa kwanza ni Bibi Usingizi, nyuma ya nguzo. Alikuwa macho. Wanawake wakamfuata, kisha wanaume, mmojammoja, kisha wote.

Mwenyekiti akasimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechanganyikiwa tu, na mtu akichanganyikiwa huuliza utaratibu. "Nani," akasema, "nani alimfundisha huyu mama?"

Kaka akajibu kutoka pale kitini. "Baba yetu. Alitufundisha wote wawili."

Lilikuwa neno jema, na lingetosha. Wazee wangelipokea, kila mtu angekwenda nyumbani ameridhika. Profesa akamtazama mama yake, na mama yake akahisi machozi yakipanda, ya upendo na ya hasira pamoja, kwa sababu alikuwa amesema uongo wa kutosha kwa wiki nyingi.

"Hapana, kaka," akasema. "Wewe ulifundishwa. Mimi niliiba."

Hapakuwa na aliyecheka. Kaka yake alimtazama kwa muda mrefu, uso wake ukimchezacheza kama wa mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Mlangoni, wanaume wawili walikuwa wameshaingiza ngazi na kuisimamisha chini ya fimbo ya pazia, wakisubiri kuambiwa.

"Hiyo ngazi," kaka akawaambia, "irudisheni."